Mara Mia Tatu ya Uzito wa Mtoto

LORNA: Haloo? Nani mwenzangu?

KITTLESON: Haloo! Ni Bi Lorna Dombek? Mchora katuni?

LORNA: Ndiye mimi. Sema haraka, laini inakwaruza. Theluji imelalia nyaya.

KITTLESON: Habari za asubuhi, mama. Na huko Milwaukee imefika wapi? Hapa Racine mbwa wa jirani amezama humo tangu Jumapili, tunauona mkia tu, tukiuvuta anabwe—

LORNA: Bwana, nani wewe?

KITTLESON: Kittleson. Ambrose Kittleson, mwalimu mstaafu wa fizikia. Yule wa Jumamosi, kwenye mkutano wa katuni. Wa kwenye maikrofoni. Haloo? Upo?

LORNA: Nipo. Yule wa "mara mia tatu."

KITTLESON: Huyo huyo.

LORNA: Umebakiza nini tena, mwalimu? Watu mia nne wameshanicheka.

KITTLESON: Mia nne? Si walikuwa mia mbili hivi—

LORNA: Niliyekaa mbele yao ni mimi. Niliwahesabu.

KITTLESON: Sawa. Mia nne. Sikiliza, nimepiga kuhusu Bwana Jabali, shujaa wa kitabu chako. Ule ukurasa anapomdaka mtoto aliyerushwa dirishani, nyumba ikiwaka moto.

LORNA: Hamdaki tena.

KITTLESON: Unasemaje?

LORNA: Nimeuchora upya. Si ulituambia, mikono ya Jabali na lami ya barabara ni kitu kimoja, mtoto hatajua tofauti? Basi nimemuua. Mikono mitupu, shuka nyeupe, kwisha. Wachapaji wa toleo jipya wanao tangu jana. Mtambo unawashwa saa sita mchana.

KITTLESON: Ya leo?

LORNA: Ya leo.

KITTLESON: Mama we! Sasa hivi ni saa tano na— Bi Lorna, wazuie!

LORNA: Niwazuie kwa nini? Kwani hesabu yako imeoza?

KITTLESON: (anakohoa) Hesabu... Unajua, pale shuleni niliwahi kuangusha matikiti maji mia mbili na kumi na mawili kutoka juu ya paa, na la mwisho lilimpata mkuu wa shule mwenyewe—

LORNA: Mwalimu. Imeoza, haijaoza?

KITTLESON: Imeoza.

LORNA: Sema tena, laini imekwaruza.

KITTLESON: Umesikia.

LORNA: Nimesikia. Sema tena.

KITTLESON: Imeoza, mama. Miaka thelathini na moja nilipiga marufuku futi darasani kwangu. Mtoto akiniandikia futi, namkata alama. Fizikia ni mita, basi. Sasa wewe umeandika pale chini ya dirisha, thelathini. Macho yakasoma mita. Sikujiuliza hata kidogo. Nchi nzima hii inapima nyumba zake kwa futi, mpumbavu mmoja tu ndiye—

LORNA: Ghorofa ya tatu! Ghorofa ya tatu ya mita thelathini umeiona wapi?

KITTLESON: Sikuitazama picha. Nilisoma namba.

LORNA: Kitabu cha katuni. Hukutazama picha.

KITTLESON: Usinisaidie kuona haya, ninazo za kutosha. Jana nimemfungulia mke wangu kitabu, nimwonyeshe nilivyokubwaga. Akaniuliza, "Mbona huyu mtu anapiga magoti?" Visanduku vitatu. Cha kwanza, mikono iko usawa wa kifua. Cha pili, inashuka naye. Cha tatu, jitu zima liko magotini na mtoto karibu aguse chini. Mimi nilimfanya nguzo ya umeme! Mita thelathini nikazigawa kwa upana wa kiganja, sentimita kumi, nikapata mia tatu yangu, nikasimama kuringa. Ilhali ameanguka futi thelathini, yaani mita tisa, na amepokelewa taratibu ndani ya sentimita tisini. Gawa. Kumi, mama. Mara kumi tu ya uzito wake. Mtoto anapona.

LORNA: Najua anapona.

KITTLESON: Unajua? Sasa mbona ulinyamaza?

LORNA: Ukumbi mzima unacheka... Nikadhani nimekumbuka vibaya. Kwamba labda lilikuwa dirisha la chini.

KITTLESON: Kukumbuka? Si hadithi ya kubu—

(mkwaruzo mrefu)

KITTLESON: Bi Lorna. Mtoto huyo alikuwa na uzito gani?

LORNA: Ratili arobaini. Na gauni la kulalia.

KITTLESON: Mara kumi, ratili mia nne. Mtu wa kawaida, asiye jabali wala nini, anaweza. Ila mikono yake—

LORNA: Ilivunjika yote miwili. Na bega moja. Baba hakufunga tena kifungo cha shati mpaka anakufa.

KITTLESON: Nani alikuwa akimfungia?

LORNA: Mimi, kila asubuhi. Kabla ya shule.

KITTLESON: Ee Mungu wangu. Na mimi nikasema lami. Mbele yako, nikasema mikono ile na lami—

LORNA: Ulisema.

KITTLESON: Na nilifurahi, mama. Afadhali ulijue na hilo. Tangu nistaafu sikuwahi kuchekesha watu wengi vile. Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

LORNA: Mimi nilirudi nikachukua kifutio.

KITTLESON: Ule ukurasa wa awali... uliufuta?

LORNA: Nilianzia kwenye magoti. Mkono ukagoma. Ukurasa umekaa pale mezani, mzima.

KITTLESON: Basi wapigie! Waambie wasubiri, upeleke ule! Na Jumamosi wanakutana tena, nitasimama kwenye maikrofoni ile ile niseme ni kumi.

LORNA: Na magoti.

KITTLESON: Na magoti.

LORNA: Na futi.

KITTLESON: Na futi, Mungu anisitiri. Wamo wanafunzi wangu niliowakata alama.

LORNA: Saa sita kasoro dakika saba! Kata nipige, sina laini nyingine.

KITTLESON: Nakata, nakata. Ila unisamehe kwan—

LORNA: Kata!

KITTLESON: Moja tu, mama, la mwisho. Yule mtoto. Aliumia wapi?

LORNA: Mwalimu, yule mtoto ana miaka sitini na moja, hana hata kovu, na anakwambia kata simu!