Mama Noela, Aliyesikiliza Ng'ombe Wakila

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Generoza Lushinge, ambaye sote tunamwita Mama Noela, atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, akiwa afisa malisho wa ofisi yetu ya mifugo hapa Shinyanga.

Alizaliwa Ushirombo katika familia ya wakulima, akaanza kazi Bukombe, kisha akahamishiwa kwetu. Kisukuma alijifunza kwa wachungaji, kwa lafudhi ya Kisumbwa, lugha ya kwao, iliyowachekesha na ambayo haijamtoka hadi leo.

Waliosafiri naye wanakumbuka amri yake ya kwanza kila gari lilipofika malishoni: injini izimwe. Alitaka kusikia ng'ombe wakikata nyasi. Sauti ikifuatana bila kukatika, alitabasamu. Ng'ombe wakitembea sana, wakinusa na kung'ata hapa na pale, alijua wanatafuta majani katikati ya mabua. Alizoea kutuambia kwamba ng'ombe anaweza kujaza tumbo mabua na bado akakonda. Marehemu mume wangu Benedict, aliyekuwa dereva wetu, alijigamba kuwa yeye ndiye dereva pekee anayelipwa kwa kuzima gari.

Kazi iliyomtambulisha aliifanya katika kijiji kimoja ng'ambo ya Tinde. Huko, kama kwingi Usukumani, watu hufunga ngitiri, yaani eneo la nyasi lisiloguswa wakati wa mvua ili mifugo ilishwe kiangazi. Lakini lilipofunguliwa, nyasi zilikuwa ndefu, nyeupe na ngumu. Mama Noela aliomba sehemu moja ifyekwe mapema, nyasi zikiwa bado na majani, zikaushwe na kuhifadhiwa. Kikao cha kijiji kilimcheka. Mzee mmoja aliuliza tangu lini ng'ombe akapelekewa chakula kama mgonjwa. Hatimaye Mzee Mihayo, mfugaji wa pale, alimpa sehemu yake, na kwa nyasi hizo akategemea kuwavusha ng'ombe wake wenye ndama hadi mvua.

Mwaka huo mawingu yalitanda mwishoni mwa msimu. Mama Noela aliogopa nyasi zitanyeshewa, akazirundika bandani kabla hazijakauka. Zilipotolewa mwezi wa tisa zilikuwa na ukungu. Ng'ombe walinusa, wakapuliza pua, wakageuka. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Mzee Mihayo alisimama akiwatazama ndama wake.

Mama Noela aliwaambia wote, "Kosa ni langu, si la nyasi."

Kisha hakuondoka. Kwa kuwa vijana wengi walikuwa wamekwenda kuchimba dhahabu Mwakitolyo, yeye na Benedict walizunguka na gari nyumba kwa nyumba wakiomba majani ya karanga na marando ya viazi, na chini ya migunga waliokota maganda ya mbegu. Jioni alikaa zizini hadi asikie kila ng'ombe anatafuna. Ndama mmoja hakuiona mvua. Wengine waliiona.

Msimu uliofuata tulidhani kijiji hakitataka hata kumwona. Mzee Mihayo alikuja ofisini mwenyewe, akatusalimu, akaigeukia meza ya Mama Noela. "Mama Noela, njoo tukate tena. Safari hii tutazigeuza juani wote, hata wale waliokucheka." Leo kijiji hicho kina mabanda ya nyasi kavu, na majirani huenda kujifunza.

Mwaka jana Benedict alipofariki, watu walijaa msibani nyumbani kwetu Nyasubi. Kila aliyepita aliniona na sahani mkononi, akaridhika kuwa ninakula. Mama Noela alitazama kidogo, akaketi karibu yangu. "Mama Dorah, unanusa tu," alisema. Akaingia jikoni, akarudi na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, laini kama ya mtoto. Alikaa pale pale, kichwa amekiinamisha kidogo, kama alivyokaa zizini kwa Mzee Mihayo, mpaka akanisikia natafuna.

Mama Noela, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na kwa niaba ya dereva wako, asante. Nenda Ushirombo ukapumzike kwa afya na amani, mvua zikunyeshee kwa wakati. Nasi tukifika malishoni, tutazima injini kwanza.