Vyuma Mbele ya Taa

Kwenye basi la Kibera, bwana aliyeketi mbele yangu alikuwa amepakata balbu mbili kubwa za Land Rover kama mayai. Kondakta alipomkatia tiketi alimwita Khamala.

"Hii ni mara ya tatu nabadilisha balbu," alimlalamikia mama wa Kinubi kando yake. "Gari ni nzee, sawa, lakini taa zinamulika bampa peke yake! Na Ijumaa usiku tunapeleka mwili wa shemeji yangu Bungoma."

Mama akauliza kama vioo ni safi. Khamala akasita, kisha akakiri kwamba taa za kwanza ziliibwa, kwa hivyo hizi alizichomelea vyuma mbele. "Si vingi, mama. Kama dirisha la duka tu." Nikakohoa ili nisicheke.

"Sasa balbu kali ni za kumulikia vyuma?" mama akawaka. "Toa!"

"Nikitoa, asubuhi nakuta mashimo mawili."

"Basi vifunge kwa nati, uwe unavifungua ukisafiri."

"Kwani wezi hawana spana?"

"Na ukungu wa Timboroa huko njiani? Utauambia Kibera kuna wezi?"

"Nikirudi taa ziibwe, utaninunulia wewe?"

Basi likasimama kituo cha Ayany. Mama akainuka, akajifunga nguo vizuri, akamtazama Khamala kama mtu aliyechoka naye tangu utotoni.

"Wewe unawaza kurudi," akasema. "Mimi nawaza kama mtafika Bungoma na marehemu mmoja tu."