Dugald Alivyousoma Uwanja kwa Nyayo

Jumatatu asubuhi, benchi letu mbele ya duka la mikate la Inverlathan lilijaa mapema, na hakuna aliyegusa habari za mvua. Jana yake ilikuwa siku ya wageni kwenye klabu ya gofu, siku ambayo kila mwanachama huleta mtu wake wacheze pamoja. Elspeth Rennie, aliyejiunga mwaka huu tu, alimleta kaka yake Dugald. Dugald alikata nyasi za uwanja ule miaka thelathini. Miaka minne iliyopita macho yake yalizima, yote mawili.

— Hebu rudia, alisema Tanuri, mwoka mikate mstaafu. Mimi nilikuwa bado nahangaika na mpira wangu mchangani.

— Nilikuwa nyuma yao, nikasema. Shimo la tisa. Mpira uko mbali, kama kutoka hapa hadi mlango wa benki. Elspeth akataka kumshika mkono. Dugald akamwambia, "Niache kwanza, Ellie." Akavua viatu. Akavua na soksi.

— Na baridi ile!

— Akatembea pekupeku mpaka shimoni, polepole, akarudi. Akasema, "Hapa katikati pameinamia kushoto. Na mashine yenu ya nyasi butu." Dada yake akamwekea kirungu nyuma ya mpira, akasogea pembeni. Jamaa akagusa tu. Mpira ukapinda, ukapanda, ukapinda tena, tukasikia tok! Umezama. Elspeth akamkumbatia analia. Yeye anauliza, "Mbona mmenyamaza?"

— Mwili wote umenisisimka, alisema Tanuri.

— Ni nyayo hizo, alisema Profesa, dereva wa zamani wa basi la shule. Miaka thelathini, bwana. Nyasi zinamjua.

— Nyasi zimjue mtu? alisema Tanuri. Mi nasema alilisikia shimo. Upepo ukipita juu yake, linalia kama chupa.

— Shimo lilie! Acha fiksi, mzee.

— Haya, sema wewe.

Profesa akasimama, kikombe mkononi.

— Ardhi ndiyo iliyomsogezea lile shimo. Ndiyo, ilisogea! Aliitunza, nayo ikamtunza.

Siku nyingine tungemzomea. Hakucheka mtu.

Catriona, tarishi mpya aliyehamia mwezi uliopita, alikuwa amesimama na mfuko wake wa barua akisikiliza.

— Samahani wazee wangu. Huyo Dugald anakaa mbali?

— Mbali wapi! Nyumba ya tatu, pale baada ya kanisa.

— Na nyinyi ni wanachama?

— Tangu ujana wetu, binti.

— Siku ya wageni iko kila mwaka?

— Kila mwaka, haijakosa.

— Sasa miaka yote hii, mbona hakuna aliyemwalika?

Tanuri akainamia viatu vyake. Profesa akaketi taratibu. Catriona akatugeukia mmoja mmoja, hana ubaya wowote usoni, anangoja tu jibu.

Mimi nilikuwa nimemwalika shemeji yangu. Mara zote nne, tangu macho ya Dugald yazime.