Vidonge Nilivyompa Dada

Ndugu zangu, mliokaa mbele msigeuke kutafuta saa ya ukutani. Kinachogonga ni mimi. Ndani ya moyo wangu kuna kilango cha chuma, kinajifunga na kufunguka tangu nikiwa msichana, na mkinyamaza kidogo mtakisikia. Mzee wa pale nyuma anacheka. Cheka tu, baba, mimi nimeshazoea.

Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha wanaomeza dawa za maisha aliniomba niwaeleze nimeishije miaka yote na kilango hiki. Nadhani alitaka niwatie moyo. Nitajaribu. Lakini lipo jambo sijawahi kulisema mbele ya watu, kwa hiyo nawaomba msinipigie makofi kabla sijamaliza.

Utotoni niliugua koo, kisha magoti na viwiko vikavimba. Nikapona, tukasahau. Kumbe ugonjwa ulikuwa umehamia moyoni. Vita vya mpakani vilipoanza nilikuwa nakaa kwa dada yangu mkubwa, karibu na Bukoba mjini. Mizinga ikalia, watu wakafunga magodoro na kuku, nasi tukashika barabara kurudi kwetu Ijumbi. Hata Kemondo hatujafika, pumzi ikaniishia. Nikakaa chini barabarani, nikamwambia dada, "Wewe nenda, niache hapa."

Dada akatupa mzigo wake kwenye migomba ya watu, sufuria na nguo zote, akainama mbele yangu. "Panda mgongoni. Acha upuuzi."

Ndugu zangu, mimi sikuwa mtoto wa kubebwa. Nilikuwa msichana mkubwa, nimekonda kwa ugonjwa lakini miguu mirefu inaburuta. Akanibeba. Akichoka ananitua, anatukana, ananibeba tena. Siku mbili. Lishikeni hilo, maana bila hilo hamtanielewa.

Vita vilipokwisha, sista mmoja wa misheni alinisikiliza kifua akasema moyo umeharibika. Watu wa misheni wakahangaika, tukapelekwa Ulaya wagonjwa wanne wa huku kwetu. Nikapasuliwa, nikawekewa chuma. Daktari wa kule akaniambia kwa mkalimani: kidonge kimoja kila siku mpaka kufa, ili damu isigande kwenye chuma. Kila mwezi damu ipimwe. Usiruke, usimpe mtu. Na usizae. Hilo la mwisho liliniliza kuliko kisu.

Nikarudi nagonga. Kanisani shangazi yangu alihama benchi, akasema hawezi kusali rozari na saa ya mtu mwingine. Tulicheka mwaka mzima.

Halafu ikaja miaka ya ule ugonjwa. Mnaikumbuka wenyewe. Tulikuwa tunatoka msiba huu tunaingia ule, vibanja vyetu vya migomba vinaota majani hakuna wa kupalilia. Mimi vidonge vilikuwa vinanitia mabaka meusi mikononi, na kila mwezi nakwenda Bukoba kutolewa damu. Basi, watu wakaamua kuwa ninao. Hata mchumba niliyekuwa naye akaacha njia ya kwetu.

Aliyekuwa nao alikuwa dada. Mume wake alikuwa anafanya biashara ya samaki visiwani. Akafa. Dada akarudi nyumbani na binti yake wa miaka minne, na mwili wake wote ungeuweka kwenye kapu. Mawe, mama yangu! Yule aliyenibeba mgongoni, sasa mimi ndiye ninayemgeuza kitandani kwa mkono mmoja.

Asubuhi moja mama alinikuta jikoni namenya ndizi. Akakaa chini kabisa, kwenye majivu. "Mwanangu, wewe Wazungu walikupa dawa ukafufuka. Si wanasema na ugonjwa wa dada yako uko kwenye damu? Mgawie."

Nikamwambia, "Mama, hii si dawa ya ugonjwa ule."

"Umejaribu?"

Sikuwa nimejaribu. Na ningemwambia nini? Kwamba daktari alikataza? Dada alimwuliza nani kabla ya kutupa sufuria zake migombani? Nawaambia ukweli, nilijua ni makosa. Nilijua, nikampa. Siku moja mimi nameza, siku ya pili anameza yeye.

Wiki ya kwanza dada akasema anajisikia nafuu. Akaomba uji, akamsuka binti yake nywele. Mama akaimba! Nami nikaanza kuamini. Wiki ya tatu fizi zikaanza kutoka damu. Kisha pua. Kisha damu ikawa inatoka kila mahali, tunabadilisha kanga, tunabadilisha kanga. Nilijua ni nini, maana mimi mwenyewe nilionywa: vikiuzidi mwili nguvu, utavuja damu. Nikaacha kumpa, lakini tumekwisha chelewa. Akafa Jumatano, amenishika kidole, hajui nimefanya nini.

Siku ya maziko tumekaa ndani na marehemu, wanawake wote, kimya. Shangazi yule wa benchi alikuwa pembeni yangu. Akanigeukia. "Mbona leo hugongi?"

Nikasikiliza. Hakuna kitu. Badala ya ule mlio wa chuma kulikuwa na sauti nzito, kama mtu anayebisha hodi na kitambaa mkononi. Damu ilikuwa imeganda kwenye kilango. Na pumzi yangu ilikuwa fupi tangu juzi, nami nilidhani ni kilio.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Nilifurahi. Nilisema moyoni, asante, nami niende, watuzike pamoja. Nikamwambia shangazi aniache, nimechoka tu. Nikalaza kichwa ukutani, nikangoja.

Mama akatuona. Akaja, akaweka sikio kifuani kwangu mbele ya watu wote. Akainuka, akapiga kelele ambayo sijaisikia tena: "Nimewaua wote wawili! Mimi ndiye niliyesema agawe dawa!"

Wanaume waliokuwa wanachimba kaburi waliacha majembe. Ile machela iliyokuwa imeandaliwa kumpeleka dada kaburini wakanilaza mimi. Wakakimbia nami mpaka barabara kuu. Lori la samaki likasimama, dereva akashusha matenga yake chini bila kuuliza. Dada akabaki ndani akisubiri. Hata siku hiyo alinipisha.

Hospitali Bukoba daktari aliniuliza kama niliruka vidonge. Nikasema viliisha. Mama akasema, "Mwongo, alimpa dada yake, nilimtuma mimi." Daktari hakutufokea. Akanitundikia dripu, akanichoma sindano za kuyeyusha damu iliyoganda, akasema hajui kama zitafaa. Siku ya tatu mama alikuwa ananifuta uso, akasimamisha mkono. Kilikuwa kinagonga.

Nikamwuliza daktari kama nilimwua dada. Akasema, "Alikuwa anakufa. Lakini kama vidonge vilimpunguzia siku, sijui. Hakuna atakayekuambia." Nimeishi na jibu hilo tangu wakati huo. Wale wenzangu watatu wa Ulaya wametangulia. Mmoja aliacha vidonge baada ya kuombewa, wawili sikujua vizuri walikufaje. Nimebaki mimi.

Nawashukuru wale wachimba kaburi. Namshukuru dereva, shangazi kwa masikio yake, na daktari yule kwa kutonidanganya. Mama, mpaka anakufa, kila asubuhi kabla ya kwenda shamba aliweka sikio mgongoni kwangu. Na ninyi, wa presha, wa sukari, wa moyo, na mnaomeza dawa za ule ugonjwa, maana sasa zimepatikana: msigawiane vidonge. Ukimpenda mtu, mpeleke hospitali, hata kwa mgongo.

Binti wa dada nilimlea mimi. Ni mama wa watoto sasa, nyumba yake iko kwenye kibanja chetu hicho hicho, na mama alipofariki yeye ndiye aliyeanza kunisikiliza mgongo kila asubuhi. Hakujua kwa nini tunafanya hivyo. Jana, kwa sababu ya leo, nilimwambia yote. Akaondoka bila kuaga.

Leo asubuhi nilivaa peke yangu. Chai ikapoa. Nikajua hatakuja, na sikumlaumu. Ndipo mlango ukasukumwa. Hakunisalimia, macho yalikuwa yamevimba. Akanigeuza, akaweka sikio mgongoni, akakaa hapo muda mrefu kuliko siku zote.

"Kinagonga, mama mdogo," akasema. "Meza kidonge chako, twende."