Mwalimu Jaribu na Kitambaa cha Njano

Wazee wetu, ndugu, majirani, na ninyi wauguzi, madaktari na wanafunzi mliokuja na sare zenu, nasimama hapa kwa niaba ya familia, mimi kitinda mimba wa marehemu, niliyeishia darasa la saba, na kama mtoto huyu mgongoni atalia katikati ya maneno naomba mumvumilie, kwa kuwa bibi yake alimzoesha kwamba akilia anasikilizwa.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la nafaka na mama yake fundi cherehani aliyeshonea barazani, na wajomba zangu wanasimulia kwamba tangu utoto hakuweza kuona kitu kimeharibika akakipita, na hata kisichoharibika alikifungua ajue kinafanyaje kazi, akachapwa, na kesho yake akafungua kingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 akamaliza 1972, akaendelea na sekondari hadi 1976, akivaa sare alizoshonewa na bibi kwa vipande vya nguo vilivyobaki, mgongo rangi hii na mikono rangi ile, na mwezi Januari 1977 akaingia chuo cha uuguzi, ambako mwalimu wake wa wodi alimpa viatu vyake mwenyewe ili asirudishwe nyumbani, na hadi mwisho wa maisha yake Mama aliendelea kumwombea mwalimu yule, ijapokuwa alikiri kwamba vile viatu vilimbana vibaya mno. Alihitimu Novemba 1980.

Tarehe 5 Januari 1981 aliripoti katika hospitali ya wilaya, akaanzia wodi ya wanaume, akahamia wodi ya wazazi na baadaye chumba cha upasuaji, na mwaka 1998 akapewa kazi ya kuwafundisha wanafunzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa na fundi umeme wa hospitali hiyohiyo, baba yetu, ambaye alitutangulia Juni 2009, na Mungu aliwajalia watoto wanne, wavulana watatu na mimi, pamoja na wajukuu saba.

Wengi wenu mlimfahamu kwa darasa lake la Alhamisi, alilolianzisha mwaka 2005 katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro nyuma ya jengo la kufulia, chumba chenye dirisha moja, meza mbili na sanduku kubwa la waya, maboksi, mipira ya dripu na vitambaa, ambamo muuguzi, mhudumu, daktari anayesoma, yeyote yule, alitakiwa kuja na kero moja kutoka wodini, na hakuruhusiwa kutoka mpaka mkono wake umejaribu kitu. Mtu akianza kueleza sana alimkatiza, jaribu, bwana, usinihutubie, na ndiyo maana mkamwita Mwalimu Jaribu, jina alilolipenda kuliko lile la ubatizo wa kazini la Sista. Majaribio mengi yalifanywa kwenye mwili wake, na siku moja alirudi nyumbani mkono umefungwa kifuani kwa mtindo mpya ambao mwanafunzi aliyeubuni hakuwa bado amebuni namna ya kuufungua, baba akachukua koleo lake la umeme, akamfungua huku akisema kwamba yeye alioa muuguzi, hakuoa mzigo wa posta.

Sasa nafika mahali ambapo familia ilikaa kikao. Mjomba mkubwa alishauri mambo ya kazini yabaki kazini, marehemu asivuliwe nguo mbele ya watu, na kaka zangu walikubaliana naye, kwa sababu wanampenda mama yao na hawataki jina lake liguswe. Hata mimi ningependa kuiruka sehemu hii. Lakini Mama mwenyewe, akiwa bado na sauti, alinishika kifundo cha mkono akaniambia: "Ukiruka kitambaa, utakuwa umesoma historia ya mtu mwingine." Basi nasoma, na mnaoniona nimeinamisha uso mjue ni haya, si karatasi.

Mwaka 2011, katika darasa lile, Mama alibuni kitambaa cha njano. Wagonjwa wasioweza kutembea wenyewe walikuwa wakianguka, na zamu zinapobadilika muuguzi anayeingia alikuwa hajui nani ashikwe mkono na nani aachwe aende, kwa hiyo Mama akakata vitambaa kutoka kwenye kapu la bibi, akafunga kimoja kwenye chuma cha kitanda cha kila mgonjwa wa namna hiyo, ukikiona unajua, huyu hainuki peke yake. Lilikuwa wazo jepesi na lilisaidia. Wageni walikuja kulitazama, hospitali nyingine zikaliiga, Mama akaitwa kulieleza mbele za watu wakubwa, akapewa cheti chenye fremu, nasi tukakitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukwepa kukiona.

Kitu ambacho hakuna aliyekitazama ni kwamba zamani wauguzi wakipokezana zamu walizunguka kitanda kwa kitanda wakiulizana, na mgonjwa naye aliulizwa, lakini kitambaa kilipokuja macho yakachukua kazi ya mdomo. Na hakuna, hata Mama, aliyewahi kuwauliza wagonjwa wanakionaje.

Agosti 2013 alilazwa wodi ya wanaume fundi seremala mmoja, mzee mwenye kiwanda chake kidogo cha vitanda na makabati, akafungiwa kitambaa. Jioni moja mkwe wake, mume wa binti yake, alikuja kumjulia hali kwa mara ya kwanza, na mzee alipomwona mlangoni akakivuta kile kitambaa upesi akakisukumia chini ya mto. Mkwe akaondoka, zamu ikabadilika, muuguzi aliyeingia akatazama chuma cha kitanda, hakuona njano, na mzee aliposhusha miguu kwenda msalani akamwachia njia na kumtakia usiku mwema. Alianguka kwenye korido, nyonga ikavunjika, na tangu siku ile hajasimama tena mbele ya benchi lake la kazi.

Hospitali ikaitisha kikao, ikaamuliwa kwamba mgonjwa ndiye aliyeondoa alama, wazo halina kasoro. Mama alikuwa ameketi katika kikao kile. Alijua kwamba uamuzi ule ulimlinda yeye na cheti chake, alijua mzee amebebeshwa lawama juu ya maumivu, na hakusema neno. Alirudi nyumbani, akapanda kwenye kiti, akashusha cheti, ukutani pakabaki mraba wa rangi mbichi kuliko ukuta wote, na kaka yangu alipotaka kupafunika kwa kalenda alimkataza. Upo hadi leo, aliyekuja msibani ameuona.

Tangu hapo kila Jumamosi alikwenda nyumbani kwa yule fundi kuomba radhi, na fundi alikataa kumwona, akisikia sauti yake anageuza kiti chake cha magurudumu akatazama ukuta. Mkewe ndiye aliyempokea Mama mlangoni, akamtolea kigoda na glasi ya maji, na sitasahau maneno ya mama yule ambayo Mama alikuwa akiyarudia kwetu kwa kicheko kilichokuwa karibu na kilio, kwamba leo tena mzee amekataa, mwalimu, lakini maji hayajakataa. Ndivyo ilivyokwenda mvua zikaja zikapita, mpaka siku moja fundi alipopaza sauti kutoka ndani, akimwambia mkewe, wala si Mama: "Muulize huyo mwalimu, yeye amewahi kulala chini ya kitambaa chake?"

Mama alikwenda kwa muuguzi mkuu, akaomba kitanda katika wodi ya wanawake, akavaa gauni la wagonjwa, akafungiwa njano, akalala. Ukafika muda wa kutazama wagonjwa. Watu wakapita wakisoma chuma cha kitanda kabla ya kusoma uso wake, mtoto mmoja akauliza kwa sauti yule bibi ana nini, mama yake akamvuta, kisha akaingia mwalimu mkuu wa shule aliyosoma kaka yangu, mtu waliyeheshimiana naye sana, akija kumtazama dada yake kitanda cha pili.

Jumamosi ile alisimama mlangoni kwa fundi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi ndani: "Nimelala chini yake, mzee. Na mimi nilikificha."

Magurudumu yakasikika yakigeuka. Fundi alimtazama, akamuuliza kama naye alikiweka chini ya mto, Mama akajibu kwamba hapana, yeye alikikalia, na mzee akacheka mpaka mkewe akaja kuangalia kuna nini.

Jumatatu iliyofuata Mama aliomba kikao kiitishwe upya, akasimama, akasema kosa si la mgonjwa, ni la wazo na la mwenye wazo, na kwamba alilijua hilo tangu mwanzo akanyamaza. Wapo waliomkasirikia. Hakufukuzwa, lakini mialiko ilikoma, na wageni hawakuja tena. Vitambaa vikafunguliwa, wauguzi wakarudi kuuliza kitanda kwa kitanda.

Fundi alialikwa kwenye darasa la Alhamisi, akaja, akawaambia wanafunzi mambo mawili tu, kwamba mtu mzima hawezi kulala chini ya bendera mbele ya mkwe wake, na kwamba vile viti vyao ni vya mbao mbovu. Kisha akawatengenezea kimoja, akifanya kazi akiwa ameketi, kiti kipana chenye mikono, na kikaitwa kiti cha mgonjwa. Tangu wakati huo hakuna wazo lililopita katika chumba kile kabla mgonjwa hajakalia kiti hicho, likajaribiwa kwake, naye akasema anajisikiaje. Mfuko wa kitambaa unaofunika mfuko wa mkojo wa mgonjwa aliyewekewa mpira, ambao leo unawawezesha watu kutembea kwenye korido bila kutazamwa, ulizaliwa kwenye kiti hicho, na aliyeubuni ni mhudumu wa kufulia akishirikiana na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nao wako hapa. Mama alistaafu Aprili 2018 lakini Alhamisi hakustaafu.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2023 alianza kusumbuliwa na tumbo, akapimwa, ikaonekana ni saratani ya utumbo iliyokwisha sambaa, akatibiwa, na Septemba akalazwa katika wodi ya wanawake ya hospitali hiyohiyo. Alhamisi moja aliomba apelekwe darasani, nikamsukuma kwa kiti cha magurudumu, wanafunzi wakamkalisha kwenye kiti cha mgonjwa, na kwa heshima yote wakamwonyesha walichomtengenezea yeye mwenyewe, taa ndogo ya kuning'inia kitandani, inayowaka shuka ikilowa, ili muuguzi aione kutoka mbali. Walikuwa wameifanyia kazi kwa wiki nyingi. Niliona macho yao, nikatamani Mama aseme ni nzuri.

Aliishika, akaigeuza, akawasifu kwa waya zilivyofungwa vizuri, akasema baba yetu angewaajiri. Halafu akasema: "Lakini inanitia aibu, wanangu."

Binti mmoja akamuuliza, machozi yakimlengalenga, sasa watajuaje, na Mama akamvuta karibu mpaka sikio la binti likafika mdomoni pake, akamjibu: "Njoo uniulize. Kwa sauti ya chini." Ile taa ikafunguliwa, waya zikarudi sandukuni, na kuanzia jioni hiyo binti yule alikuwa akija, anainama, anauliza, anavuta pazia.

Siku mbili kabla ya mwisho yule fundi seremala aliletwa na mkewe, na alipofika mlangoni mwa wodi hakuingia, kwa kuwa Mama alikuwa hajafunga kitambaa cha kichwa na nywele zilikuwa zimekwisha. Aligeuza kiti chake akatazama ukuta wa korido, kama alivyokuwa akiugeukia ukuta wa kwake zamani, akauliza taratibu: "Mwalimu, nikuone, au nije kesho?" Mama akaniashiria nimfunge, nikamfunga, akajitazama kwenye kioo changu, akasema: "Mwambie aingie."

Mama alifariki Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2023, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Familia inawashukuru madaktari waliomtibu na kumwambia ukweli bila kumtisha, wauguzi wa wodi kwa pazia walilolivuta kila mara bila kukumbushwa, wahudumu wa kufulia kwa mashuka yaliyofika yakiwa na joto la pasi, majirani waliowalea wanangu wakubwa nikiwa hospitali na hawakuniuliza nitarudi lini, walimu na wanafunzi wa darasa la Alhamisi, ambao naambiwa wiki hii watakutana kama kawaida, na mke wa fundi, kwa ile glasi ya maji. Kwako mzee fundi, uliyeketi hapo mbele, tunajua nyonga yako haikuunganishwa na radhi yoyote, nasi kama familia tunakuomba tena msamaha, mbele ya watu wote hawa, kwa siku ile Mama yetu aliponyamaza.

Mama, nimesoma yote, sikuruka. Lala kwa amani, hapo ulipo hakuna alama kitandani.