Kwa Nini Kuku wa Suzanne Hawafi

Kijiwe chetu kiko Kikula, hapa Likasi, mbele ya lango la Mado. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na mbele yake meza yenye thermos mbili, mikate, na bakuli la sukari lililofunikwa na sahani kwa sababu ya nzi. Tunaokaa pale kila asubuhi ni walewale. Kuna Casimir, mstaafu wa kiwandani, tunayemwita Docta. Hakusomea udaktari wa mtu wala wa mnyama, ila amefuga kuku miaka thelathini, na mtaani kuku akipiga chafya anatafutwa yeye. Kuna Floribert, jina la kijiweni Trottoir, maana habari zote za barabarani hulala kwake kabla ya kuamka kwetu. Niko mimi, Mwalimu, niliyefundisha hesabu hadi chaki ikanichosha. Na Mado mwenyewe, mwenye kahawa, ambaye kwa kawaida anamimina na kusikiliza. Juma lile alisema kutuzidi sote, kwa sababu kuku wake walikuwa wanakufa.

Walikuwa thelathini na mmoja. Alianza na mitetea watano mume wake aliposimamishwa kazi, akashika kila neno la Docta: maranda makavu chini, yakilowa yatolewe, majivu kwenye shimo la vumbi ili kuku waoge na kuua utitiri, maji yabadilishwe asubuhi na mchana, mahindi yenye ukungu, hapana, hata kuku wakilia. Wakamkubali, wakazaana. Mayai ya kuchemsha tuliyokula pale kijiweni yalikuwa yake. Halafu Jumatano moja akakuta wawili wameangusha mabawa, kinyesi chao kijani kama majani ya matembele. Kesho yake mmoja shingo ikajipinda nyuma. Ilipofika Jumatatu, walibaki wanne.

Ng'ambo ya ukuta wa Mado anakaa Suzanne, mjane. Mume wake alifukiwa na udongo kwenye mashimo ya kuchimba madini. Na yeye ana kuku, karibu ishirini. Hakufa hata mmoja.

— Minye sisemi kintu, akasema Trottoir asubuhi hiyo ya Jumatatu, na sisi tukajua ameanza kusema. Lakini ukuta iko moja, mvua iko moja. Kuku ya huku inakufa, ya kule inanona. Juu ya nini?

— Ugonjwa haiko, akasema Docta. Ugonjwa minye ninaujua. Juma ile ya mbele ya kuku kuanguka, nilikuja hapa, nikashika kuku ya Mado moja-moja, nikafungua mudomo, nikaangalia macho. Zilikuwa muzuri. Mado, nasema bongo? Ni uwongo?

— Hapana, Papa Casimir. Ulizishika zote.

— Voilà. Kuku iko muzuri, kiisha juma moja inaanguka. Ile ni sumu. Kuna muntu anatupa kintu juu ya ukuta.

— Hata yangu kenda ilikufa vile, akasema Trottoir. Mbele ya kuku ya Mado, yangu njo ilianza. Na sikieni: siku nilileta majogoo yangu mbili kutoka soko, Suzanne alipita. Akasimama ku mulango. Akaangalia majogoo, akatikisa kichwa, hivi. Kiisha siku sita, kuku ya kwanza ikaanguka. Bakubwa walisema, haba na haba njo inajaza kibaba.

— Methali ile inahusu kuweka akiba, nikamwambia.

— Na yeye si anaweka? Anaweka kuku zetu, moja-moja.

Ningemcheka, lakini na mimi nilikuwa na langu. Nikasema labda ni vumbi. Nikaeleza kwa sauti ya darasani kwamba upepo ukitoka upande wa Shinkolobwe, kwenye mgodi wa zamani wa urani, unaweza kubeba mambo ambayo jicho halioni, na kuku, kwa kuwa wanadonoa chini, wanakuwa wa kwanza kuyapata.

— Mwalimu, akasema Docta, ile upepo yako iliruka lupango ya Suzanne, kiwanja yake yote, na miguu?

Nikanywa kahawa.

— Shingo, akasema Trottoir, akishusha sauti. Muliona shingo? Kuku ile inapinda shingo, inaangalia nyuma. Inaangalia nani? Kuna muntu nyuma anaiita. Bwana ya Suzanne alikufa chini ya udongo, hata maiti hawakuipata yote. Muntu kama ule anasikia njaa. Na bibi yake njo anamulisha.

Nilitazamia Mado amkemee. Hakumkemea. Alifuta meza mahali palipokuwa pakavu.

— Kila asubuhi anapitaka mu lupango yangu kuchota mayi, akasema. Miaka ine. Anapita karibu na nyumba ya kuku, anaziangalia. Jumamosi nilifunga kale kamulango ka ku ukuta na waya.

Hilo tulilijua. Tangu Jumamosi Suzanne alikuwa anapanda hadi bomba la juu na bidoni la maji la njano kichwani, wakati robinet ya Mado, bomba lake la uani, iko hatua kumi kutoka kwake. Mara mbili alipita mbele ya kijiwe chetu. Mara zote mbili nilitazama ndani ya kikombe changu kana kwamba nimepoteza kitu humo.

Kulikuwa na mteja mmoja ambaye hatukumjali, mwanamke wa makamo mwenye kikapu. Alihamia nyumba ya tatu kutoka pale, akitokea Kapolowe. Jina lake, alituambia baadaye, Noëlla. Alikunywa hadi tone la mwisho, akarudisha kikombe mezani.

— Samahani. Ule Mama Suzanne, mulimuuliza?

— Kumuuliza nini? akasema Docta.

— Anafanya nini, kuku yake haikufe.

Docta akamtazama Trottoir. Trottoir akanitazama mimi. Mado akaacha kufuta.

— Mama, weye uko mugeni, akasema Trottoir. Mulozi, unaendaka kumuuliza?

— Minye niko na kuku kumi na mbili, nimezileta na motokari kutoka Kapolowe. Sitaki zikufe. Nitaenda kumuuliza minye.

Akainuka. Mado akafunika thermos zake, akamfuata bila kuvua kitambaa cha kazi. Mimi nikaenda kwa aibu, Trottoir kwa kutaka habari, na Docta, naamini, kwa kuogopa kusemwa asipokuwepo.

Suzanne alikuwa anafagia. Alipotuona watano langoni mwake, fagio likasimama. Niliona anahesabu wanaume kwanza, kisha akaangalia mikono yetu kama imeshika kitu. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu ninayemfahamu.

— Mubaki pale pale, akasema. Musiingie.

— Ona sasa! akanong'ona Trottoir. Iko na kintu anaficha.

— Bonjour, Mama Suzanne, akasema Noëlla. Minye niko mupya mu mutaa. Niko na kuku. Nasikia yako njo imebaki nzima. Nilikuja kuuliza unafanyaka nini.

Suzanne alimtazama kitambo, kama mtu anayetafuta mtego uko wapi. Halafu akaja karibu na lango, akabaki upande wake.

— Vaccin, chanjo ya kuku, akasema. Kila miezi tatu. Tone moja mu jicho ya kila kuku. Ikikosa baridi inaharibika, njo maana ninaibeba mu barafu, kutoka kwa vétérinaire, munganga ya banyama, mupaka hapa. Na muntu haingie kwa kuku yangu. Hata dada yangu. Minye mwenyewe, viatu ya soko sivai mule; niko na sapato yake, inabaki ku mulango. Kuku mupya ikikuja, ninaifunga peke yake juma mbili upande ule mwingine. Ikipita juma mbili nzima, njo inaona benzake.

— Na juu ya nini ulitikisa kichwa kwa majogoo yangu? akauliza Trottoir.

— Juu uliwaachia siku ile ile katikati ya zingine, na mumoja alikuwa anahema mudomo wazi. Nilikuambia, «Papa Floribert, uyatenge.» Ulinijibu nini?

Trottoir akageuka kutazama barabara.

— Ulinijibu, «Muke bila bwana haoneshake jogoo njia.» Bantu walicheka.

Docta akakohoa.

— Peste, akasema taratibu, akimaanisha kideri. Kama ni peste… Lakini kwa Mado haikukuwa na jogoo mupya. Hakuna kuku ya Floribert yenye iliingia kwa Mado.

— Papa Casimir, akasema Suzanne, na hapo sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo maana iliuma. Ile siku ulishika kuku ya Mado moja-moja, mbele ya kufika kwake ulitoka wapi?

Docta alifungua mdomo. Niliona jibu likifika usoni mwake kabla ya kufika ulimini. Alikuwa ametoka kwa Trottoir. Alikuwa ameinua vichwa vya kuku wanaokufa, ameingiza kidole mdomoni mwao, amekanyaga kinyesi chao kijani, kisha kwa viatu hivyohivyo na mikono hiyohiyo, kwa moyo mweupe kabisa, akaenda kumsaidia Mado.

— Sikunawa, akasema.

Mado alikuwa ameshika nyaya za lango kwa mikono miwili.

— Suzanne, juu ya nini haukuniambia?

— Nilikuja kukuambia Jumamosi, mama. Nilikuta mulango imefungwa.

Mado hakulia pale. Alirudi kwake, na sote tulisikia kupitia ukutani koleo likikata waya, na mlango mdogo ukifunguka kwa kishindo.

Kuku wake wanne, wawili walikufa. Docta alichimba shimo mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akawafukia na chokaa juu, ili mbwa wasiwafukue na mtu asiwapike. Alichoma maranda yote. Alisugua banda na maji ya javel, dawa kali ya kuua vijidudu, mpaka macho yakamtoka machozi, na hatukuuliza kama yote yalikuwa ya javel. Trottoir alipita mtaani akiwaambia watu kuwa ni ugonjwa, si mtu. Lakini habari ile haikuwa na miguu kama ya kwanza. Nyumba nyingine hadi leo zinasema, «Mmm.»

Mado alikaa miezi miwili na banda tupu, wale wawili waliopona wakifungwa peke yao uani, kabla ya kuleta vifaranga, kama Suzanne alivyomwagiza. Noëlla alileta chanjo ndani ya thermos ya Mado iliyojaa barafu, na Suzanne akazunguka nyumba saba na kichupa chake, akinawa na kubadili sapato kila lango. Docta alimbebea ndoo ya maji na sabuni. Alibaki nje kila mara, bila kuambiwa. Mzee wa miaka sabini na mbili, anasubiri barabarani kama amefukuzwa darasani.

Suzanne anachota maji kwa Mado kama zamani. Anasema asante. Kahawa akipewa anakunywa akiwa amesimama. Kwenye ubao wetu hakai, na hatujapata ujasiri wa kumsogezea nafasi.

Asubuhi moja tulikuwa tunalisimulia jambo hili kwa mpita njia, na lilianza kuwa tamu midomoni mwetu, jinsi tulivyoenda wenyewe kuuliza, jinsi tulivyogundua. Noëlla alikuwa anachovya mkate.

— Minye naulizaka tu, akasema. Kama kuku ya Mama Suzanne ingekufa nayo, yote, mungesema ni nani?

Docta akavua kofia, akaivaa tena. Trottoir akaanza methali, akaiacha katikati. Mado akamimina kahawa kikombeni mwa mtu ambaye hakuomba.

Nadhani kila mmoja alikuwa na jina tayari. Mimi nilikuwa nalo, na nilitazama chini ili lisionekane: lilikuwa la huyo mgeni wa Kapolowe, aliyekaa kando yangu akitafuna mkate, akingoja jibu.