Mabeseni ya Njano ya Kitshanga

Mgeni rasmi, Papa Constantin, mkaguzi wa miradi ya maji uliyetoka Goma. Viongozi wa kambi. Mama na papa wote mliosimama hapa matopeni:

UKARIBISHO
Karibu Kitshanga. Tunajua umekuja kuamua kama mabeseni yetu ya kusafishia maji yabaki au yapakiwe kwenye gari lako leo. Hata hivyo, tumefurahi kukuona.

TULIVYOANZA
Sisi tulikimbia vita vijijini mwetu Masisi na Walikale. Kaswera, anayekusomea risala hii, alisomea kemia. Alitufundisha kwamba poda nyeupe ya dioksidi ya titani huua vijidudu vya maji ikipigwa na jua kali. Lakini hapa ukungu hautuachi. Basi akaioka poda ile pamoja na mbolea ya urea katika tanuru la matofali mpaka ikawa njano, nayo ya njano hufanya kazi hata kwa mwangaza wa kawaida wa mchana. Tukaipaka ndani ya mabeseni arobaini.

MAFANIKIO
Kwa miezi minne kuhara kulipungua. Mama walikuwa wakitania: "Kaswera, mayi yako inakula mwangaza, siye tutakula nini?"

PIGO
Kosa ni letu. Tuliwaambia mama kwamba mwangaza unasafisha maji. Hatukuwaambia kwamba ile njano ndiyo inayofanya kazi. Na mama wa kwetu hawezi kumpa mtoto maji kutoka chombo chenye rangi kama ya uchafu. Kila Jumamosi waliyasugua mabeseni kwa majivu na mchanga. Mama Adelaïde alisifiwa kuliko wote: "Dada, beseni yako inawaka kama ya arusi!"

Mwezi jana binti yake Cindy, wa miaka mitatu, alikufa kwa kuhara. Tulipolitazama beseni, lilikuwa jeupe kabisa, njano yote imesuguliwa. Watoto wengine wawili wakamfuata. Mama Adelaïde alituuliza, "Njo kusema nilimuua na busafi?" Tulimwambia kosa ni letu, si la usafi wake.

OMBI
Hatuombi kusamehewa. Poda iliyobaki inatosha kupaka upya mabeseni sita tu. Tunaomba gari lako lisiyachukue kabla hujatuletea dawa ya klorini, kwa sababu yakiondoka leo, kesho watu watateka mtoni, chini ya vyoo. Tuachie hayo sita. Tutakwenda kibanda kwa kibanda, tumwonyeshe kila mama, kwa mkono wake, kuosha beseni bila kuisugua njano.

Ukikataa, tafadhali usiwaambie watu kwamba mwangaza uliwadanganya. Waambie ni sisi.

Papa Constantin, maji yaliyo mbele yako ni ya chupa, tumeyanunua dukani. Hatukuthubutu kukuwekea yetu. Hayo yetu, watoto wetu wameyanywa asubuhi hii.

Mungu akufikishe salama kwako, na walio nyumbani mwako wanywe bila woga.

Ni sisi,
Kikundi cha Maji ya Mwangaza,
Kambini, Kitshanga